Mng'avu wa Kunyongwa

Palikuwa na nchi. Kama unaifahamu, jifanye huifahamu; tutasikilizana vizuri zaidi, na leo utalala kwako. Jina lake lilikuwa refu mno hata wimbo wa taifa ulikwisha kabla jina halijafika nusu, kwa hiyo wananchi waliiita Nchi, na wakubwa waliiita Nchi Yangu.

Humo waliishi watu wa aina mbili: Wang'avu, wenye rangi ya tui la nazi, na Wakolevu, wenye rangi ya buni iliyokaangwa ikakaangika. Sheria ilisema wote ni sawa. Maneno hayo yaliandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa ndani wa jela kuu, mahali ambapo Wakolevu wangeweza kuyasoma kila siku bila kusumbuka kutoka nje.

Katika chumba cha mwisho cha jela hiyo, kile kilichopakana na mti wa kunyongea, alikaa Mkolevu mmoja kwa jina Sururu bin Chande. Alikuwa mpiga zumari wa harusini, kijana mwembamba asiyejua kutulia. Akiketi anainuka, akiinuka anazunguka, akichoka kuzunguka anapiga zumari la hewani kwa vidole juu ya sahani ya bati. Alihukumiwa kunyongwa kwa kumwua tajiri mmoja wa magodoro, Mng'avu. Hakumwua. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo, na mahakama haikupenda kukuza mambo.

"Sajini!" aliita Sururu.

"Unasemaje, marehemu?" aliitika Sajini Gogota, mlinzi wake.

"Usiniite marehemu bwana, bado nipo."

"Najizoesha tu. Mwenzako aliyetangulia nilimwita kwa jina lake mpaka dakika ya mwisho, nikasumbuka kubadilisha."

"Hivi ni Ijumaa hii kweli?"

"Ijumaa hii hii. Acha kuzunguka basi, unanitia kizunguzungu. Utafika umechoka."

*

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Shahidi alikuwa mmoja, mlinzi wa ghala la magodoro.

"Ulimwona muuaji?" aliulizwa.

"Nilimwona vizuri sana, ilikuwa giza totoro."

"Ulijuaje kuwa ni Mkolevu?"

"Kwa sababu sikumwona."

Mahakama nzima ilinong'ona kwa kuvutiwa. Hapo ndipo polisi walipotoka kwenda kutafuta Mkolevu asiyeonekana, na wa kwanza kuonekana akawa Sururu, anarudi nyumbani na zumari lake kwapani. Mpwa wa tajiri, aliyerithi magodoro yote, alikuja kortini na kanzu yenye damu mpaka kwenye kiwiko. Watu walimhurumia. Walisema jamani, huzuni imemkaa mpaka kwenye nguo.

Sururu alijitetea. Alieleza alikokuwa saa ile, nani alimwona na wimbo gani alipiga. Jaji Mkuu Tawasifu hakumsikia kwa sababu alikuwa amelala. Na alikuwa amelala kwa sababu mshtakiwa alikuwa Mkolevu. Na kesi ya Mkolevu, walisema wanasheria, haina mahali pa kumwamsha mtu.

*

Sasa tuufahamu na mti wenyewe, maana una historia kuliko mawaziri wengi.

Uliletwa na wageni waliokuja zamani kutawala. Walishuka na mwavuli, saa ya ukutani na kitanzi, na katika vitatu hivyo, kitanzi ndicho kilichotumika mvua na jua. Mkolevu alinyongwa kwa kuua. Alinyongwa pia kwa kuiba kondoo, kwa kupiga mluzi karibu na nyumba ya bwana shamba, na kwa kusimama kwa namna iliyoonyesha kwamba anafikiri. Wang'avu waliokuwa makarani wa wageni walishika mwavuli.

Uhuru ulipokuja, Wakolevu walikusanyika na viberiti wakidhani mti utachomwa. Badala yake wakaukuta umepakwa rangi za bendera. Kiongozi wa kwanza, Mng'avu mwenye sauti nzuri, akapanda jukwaani akanguruma: "Ndugu wananchi! Jana tulinyongwa na wageni. Leo tunanyongana wenyewe!" Watu walipiga makofi mpaka viberiti vikaanguka.

Sheria mpya ikasema anyongwe mtu yeyote atakayeua, bila kujali rangi. Ila kwa kuwa uhai ni kitu cha thamani, wakaongeza desturi nzuri iliyoitwa Chai ya Shaka. Kabla mtu hajanyongwa, Jaji Mkuu sharti aketi naye meza moja, wanywe chai ya maziwa, na jaji ajiulize kwa sauti kama hana shaka yoyote. Desturi hiyo iliwaokoa Wang'avu wote waliowahi kuua. Wote! Mmoja alimpiga mkewe shoka mbele ya mkutano wa hadhara, lakini kufika kikombe cha pili jaji akaona shaka: pengine mke ndiye aliyekuja na kichwa kwa kasi.

Wakolevu je? Wao hawakuandaliwa chai. Si kwa ubaguzi, hasha. Mtaalamu mmoja wa mila aliandika kwamba Wakolevu kwa asili yao hawanywi chai yenye maziwa, na serikali ikaamua kuheshimu mila zao.

*

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama isingekuwa mgeni mmoja. Umoja wa Mataifa Yenye Wasiwasi ulimtuma bibi mmoja mfupi, mwenye miwani na swali. Swali lilikuwa: "Kwa nini kwenye mti huu wananyongwa Wakolevu peke yao?" Akasema atakuwepo Ijumaa, akajionee mwenyewe, na asiporidhika misaada itakatwa.

Baraza la Mawaziri likakaa kikao cha dharura. Waziri wa Mizani, Mheshimiwa Dokta Hombo, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kitu kinaonekana sawa, alisimama.

"Waheshimiwa, tunahitaji Mng'avu mmoja wa kunyongwa."

Mawaziri wakatazamana viatu.

"Kuna yule aliyemsukuma mpangaji wake kisimani," alisema mmoja.

"Huyo ni shemeji yangu!"

"Yule aliyetia sumu pilau ya msiba?"

"Mama mkwe wangu huyo, na pilau yenyewe wengi walipona."

"Basi mpwa wa tajiri wa magodoro..."

"Magodoro tunayolalia sote hapa yametoka kwa nani?" aliuliza Waziri wa Afya, na hoja ikafa hapo hapo.

Ndipo Dokta Hombo akapata wazo. Mawazo yake yalikuwa yakimjia kwa jasho, na siku hiyo alilowa. "Kama Mng'avu wa kunyongwa hapatikani," alisema, "basi wa kunyongwa na afanywe Mng'avu."

*

Alikwenda jela yeye mwenyewe, na mafuta mazuri yamemkolea. Alimkuta Sururu anazunguka chumba kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

"Hongera kijana," alisema Waziri. "Kuanzia leo wewe ni Mng'avu."

Sururu akajitazama mikono, mbele na nyuma. "Mheshimiwa, mbona bado nimekolea?"

"Hayo ni macho yako tu. Macho hayana mamlaka kisheria. Saa saba utatangazwa redioni mara tatu."

Hapo Sururu akaacha kubisha, maana Nchi ilikuwa na mila moja isiyochezewa: jambo lililotangazwa redioni mara tatu lilikuwa kweli. Mwaka mmoja ilitangazwa mara tatu kwamba mvua inanyesha. Watu walitembea na miavuli kwenye jua kali, na mzee mmoja aliyekutwa mkavu akatozwa faini.

"Sasa nikishakuwa Mng'avu, natoka?"

"Unatoka! Ijumaa, unakwenda kwenye mti. Unanyongwa kama Mng'avu, kwa heshima zote. Mgeni anaona, anaridhika, misaada inakuja."

"Subiri kwanza, mheshimiwa. Nikiwa Mkolevu nanyongwa, nikiwa Mng'avu nanyongwa?"

Dokta Hombo akamshika bega, machozi yakimlengalenga. "Ajabu! Wewe umeelewa maana ya usawa upesi kuliko wabunge."

Alipotoka, Sururu alimgeukia Sajini. "Umesikia hayo?"

"Nimesikia, marehemu. Samahani, bwana marehemu. Ung'avu una heshima yake." Sajini akakuna kichwa. "Mama yako amekuja tena getini. Nimwambie nini?"

Bi Mwanatenga, mama yake, alikuwa akija getini kila siku na bakuli la uji, na kila siku walinzi walikunywa uji wakamrudishia bakuli pamoja na salamu. Sururu alikuwa mwanawe wa pekee. Sururu alizunguka chumba mara nyingine, akasimama, akazunguka tena.

"Mwambie uji umefika," alisema. "Mwambie umekolea sukari vizuri."

"Lakini hauna sukari. Sisi ndio tunaoujua."

"Mwambie hivyo hivyo."

*

Redio ilitangaza mara tatu. Wafungwa wenzake Sururu waliokuwa wakimtania asubuhi, "We zumari, utanyongwa kwa wimbo gani?", mchana wakaanza kumpisha njiani na kumwita bwana. Mpishi wa jela akamletea kitambaa cha kufutia mdomo. Chakula kilikuwa kile kile, maharage yenye wakazi, ila sasa alikuwa na cha kufutia.

Ijumaa ikafika. Yule bibi wa miwani aliketi mstari wa mbele, Dokta Hombo akasimama kando ya mti akatoa hotuba ndefu kuhusu taifa lisiloona rangi. Sururu alikuwa amesimamishwa chini ya mti, kitanzi shingoni. Miguu yake ilikataa kutulia, ikawa inacheza-cheza kwenye ubao mpaka mnyongaji akamwambia, "Bwana mkubwa, naomba ushirikiano."

Bibi akainua mkono. "Samahani. Nimesoma kwamba Mng'avu hanyongwi bila Chai ya Shaka. Naweza kuiona?"

Dokta Hombo alikuwa amesahau. Si kosa lake. Hakuna aliyewahi kufika na Mng'avu chini ya mti, kwa hiyo hakuna aliyejua kinachofuata. Lakini mbele ya mgeni mtu hakosi jibu.

"Bila shaka!" alisema. "Yaani, na shaka! Ileteni chai."

Meza ikaletwa chini ya kitanzi, birika la maziwa likatoka moshi, na Jaji Mkuu Tawasifu akaamshwa. Waziri akamnong'oneza sikioni: "Mheshimiwa, ni maonyesho tu. Kunywa upesi, sema huna shaka, tumalize."

"Nimekuelewa," alisema jaji. Na alikuwa amemwelewa kweli. Lakini mazoea yana taabu. Kwa miaka yote ya kazi yake jaji huyu hakuwahi kunywa chai ile bila kumwokoa mtu. Ulimi ulishajifunza wenyewe, ukiguswa na maziwa tu, unatia shaka. Akapiga funda la kwanza. Akapiga la pili. Akakunja uso.

"Hebu kwanza," alisema. "Siku ya mauaji ulikuwa wapi, kijana wangu?"

Sururu akageuka nyuma kuona nani anaitwa kijana wangu. Hakukuwa na mtu.

"Nilikuwa kwako, mheshimiwa. Napiga zumari harusini kwa binti yako."

"Acha wee! Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Ulicheza mpaka kilemba kikaanguka kwenye sinia la biriani. Mimi nikakuokotea."

"Kweli kabisa! Tukaendelea mpaka jogoo!" Jaji akawa anacheka, chai inamwagika. "Sasa bwana, mbona hukulisema hilo kortini?"

"Nililisema, mheshimiwa. Ulikuwa umelala."

"Mimi? Nilale kwenye kesi ya Mng'avu?"

"Wakati ule nilikuwa Mkolevu."

"Aaa!" alisema jaji, akapumua kwa kuridhika kama mtu aliyeelezwa jambo. "Hapo sawa."

Dokta Hombo alikuwa akimkanyaga jaji mguu chini ya meza kwa nguvu zake zote, lakini kikombe kilikuwa kimekwisha kuwa cha pili. Jaji akapiga meza. "Nina shaka! Nina shaka kubwa! Mng'avu huyu hana hatia. Mfungueni!"

Bibi wa miwani akaandika. Mnyongaji akamtoa Sururu kitanzi shingoni, akakipangusa, akakaa chini kwa uchungu wa mtu aliyepikiwa akanyang'anywa sahani.

*

Usidhani Dokta Hombo alikufa. Alikwenda chooni, akatoka jasho, akarudi na wazo.

"Mheshimiwa jaji amemwachia Sururu Mng'avu," alimwambia bibi kwa tabasamu. "Safi sana. Lakini hukumu ya Sururu Mkolevu hakuna aliyeifuta. Huyo bado anadaiwa na mti. Tutamtafuta sasa hivi, na kama yupo hapa karibu, tutampata."

"Lakini si ni mtu mmoja?"

"Bibi, sisi hatuhesabu watu. Tunahesabu kwa aina."

Namna ya kumpata ilikuwa rahisi, kwa sababu Nchi ilikuwa na mila nyingine, ya zamani kuliko mti: mzazi akimwita mtu mwanangu, na mtu huyo akaitika, basi ni mwanawe na ni wa rangi ya mzazi huyo, hata redio haibatilishi. Waziri akaamuru tangazo. Redio ya getini ikalisoma mara tatu kwa sauti ya kukwaruza: Mkolevu Sururu bin Chande anatafutwa, akiitwa na mama yake akaitika, akamatwe, anyongwe leo leo, mgeni bado yupo.

Bi Mwanatenga alikuwa pale pale getini. Siku hiyo hakuja na uji. Alikuja na sanda, ameikunja vizuri chini ya kwapa, kufuata maiti. Tangazo alilisikia lote.

Ndani, Sajini Gogota alimrudishia Sururu viatu vyake. Hakumtazama usoni. "Bwana Sururu, mama yupo nje. Mimi nimewekwa hapo nisikilize. Mdomo wako, bwana. Mdomo wako uuchunge."

"Akiniita je?"

"Usiitike."

"Sajini, mimi tangu nazaliwa..."

"Najua. Usiitike."

Geti likafunguliwa. Upande mmoja alisimama Waziri na mnyongaji, upande mwingine bibi wa miwani, na katikati, mbele kabisa ya watu, Bi Mwanatenga na sanda yake. Sururu akatoka. Alisema moyoni atapita kama upepo, atatazama juu, atapita tu. Hatua zake zikaenda zenyewe, lakini badala ya kwenda mbele zikawa zinakwenda kwa mama. Alimwona amekonda. Aliona ile mikono imekaza kitambaa. Mdomo wake ukafunguka, na neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno: naam. Alikuwa hajaitwa bado, ila alikuwa anaitika, na Sajini alikuwa amefumba macho ili asiwe ameliona litakalotokea.

Bi Mwanatenga akamwahi.

"Nyie!" alifoka, akampita mwanawe kama nguzo ya simu, akaenda mpaka usoni mwa Waziri. "Maiti ya mwanangu iko wapi?"

"Maiti?" Waziri akababaika. "Mama, mwanao si huyo hapo nyuma yako? Muite!"

Bi Mwanatenga akageuka. Akamtazama Sururu kuanzia viatu mpaka utosini, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Sururu alisimama mdomo wazi. Mama akatikisa kichwa.

"Bwana mkubwa huyu? Mimi na Mng'avu wapi na wapi? Msinitanie kwenye msiba. Mwanangu mmemnyonga asubuhi, nimesikia ubao ukilia."

"Hatujamnyonga mtu!"

"Muongo! Mmemnyonga! Kwa nini leo mkatae, na siku zote mnanyonga mkijisifu?" Na hapo akaanza kulia, kilio cha kweli, cha kutoka tumboni, kile ambacho alikuwa amekiweka muda wote huo. Akajipiga kifua, akakaa chini kwenye vumbi. "Sururu wangu! Amekufa mwanangu jamani, amekufa!"

Dokta Hombo akamtazama mama, akamtazama mgeni. Kisha uso ukaanza kumng'aa, na jasho likamtoka.

"Umesikia, bibi?" alimwambia mgeni. "Mama mzazi ameshuhudia. Mkolevu amenyongwa. Deni limelipwa. Tangazeni!"

Redio ikatangaza mara tatu. Ikawa kweli. Bibi wa miwani akatazama karatasi yake: asubuhi tofauti kati ya Wakolevu na Wang'avu walionyongwa ilikuwa kubwa, na sasa ilikuwa imeongezeka kwa Mkolevu mmoja aliyenyongwa na Mng'avu mmoja aliyeachiwa, wote kwa shingo moja. Akauliza kama kuna maji ya kunywa.

"Na maiti?" alisema Bi Mwanatenga kutoka chini.

Maiti hakuna, lakini serikali haikosi. Wafungwa wanne wakatoka na jeneza lililopigiliwa misumari, wamelijaza mawe ya kujengea ukuta. Mama akaitandaza sanda juu yake, akainyoosha pembe zote, akasimama mbele. Wakaanza kwenda, mawe yakigongana ndani.

Njia ilikuwa nyembamba na Sururu alikuwa amesimama katikati. Mama alipomfikia hakuinua macho.

"Nikusaidie kubeba?" alisema Sururu.

Sajini akakohoa. Waziri akatega sikio.

"Wa kubeba ninao," alisema Bi Mwanatenga. "Nipishe, bwana, nikazike."

Akampisha.